Concorde ya mashirika mawili: kuirudisha G-BOAD kwenye simuleta

Kati ya Desemba 1977 na Novemba 1980 kulikuwa na Concorde moja, ile ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, iliyobeba rangi za mashirika mawili ya ndege mwilini. Ukisimama kushoto kwake ulikuwa unaitazama Singapore Airlines: mistari ya buluu na njano ikifuata madirisha, jina la shirika juu yake, na mkiani ndege wa rangi ya dhahabu aliyekaa katika buluu ya giza. Ukizunguka pua na kuhamia kulia, ulikuwa mbele ya British Airways tupu, na mkia umepakwa nyekundu, nyeupe na buluu za bendera ya Uingereza. Namba yake ya usajili ilikuwa G-BOAD.

Sisi tunaopaka rangi ndege za zamani za abiria kwa ajili ya simuleta, yaani programu za kompyuta za kuigiza urushaji wa ndege, tuna kila sababu ya kuisoma ndege hii kwa makini. Mambo yote yanayosumbua katika kazi yetu yamekutana kwenye chombo kimoja: modeli (umbo la ndege ndani ya kompyuta) isiyotaka pande mbili tofauti, picha zinazodanganya rangi, na tarehe. Hasa tarehe. Nimeipaka Concorde hii mwenyewe, na ninaamini anayeipaka bila kuchagua kwanza siku anayotaka kuionyesha ataishia na ndege ambayo haikuwahi kuwepo, hata kama kila mstari ameuchora sawasawa.

Historia yake ni fupi. British Airways ilianza kuwapeleka abiria Bahrain kwa Concorde tarehe 21 Januari 1976. Safari ya kuendelea kutoka Bahrain hadi Singapore ilizinduliwa tarehe 9 Desemba 1977 kwa ushirikiano na Singapore Airlines. Marubani walikuwa wa British Airways, wahudumu wa ndani walitoka mashirika yote mawili, na ubavu wa kushoto, ule ambao abiria hupandia, ukapewa rangi za mshirika. Zilifanyika safari tatu tu za kwenda na kurudi. Malaysia ikalalamikia mshindo wa ndege inayopita juu ya Mlango wa Malacca kwa kasi kuliko sauti, safari zikasimama. Zilirejea tarehe 24 Januari 1979 kwa njia iliyokwepa anga ya Malaysia, zikafungwa kabisa tarehe 1 Novemba 1980 kwa sababu hazikuwa zikilipa.

Tuanze na modeli, maana hapo ndipo wengi hukwama siku ya kwanza.

Ngozi ya ndege kwenye simuleta ni picha bapa inayovikwa juu ya umbo. Kila kipande cha umbo kina sehemu yake kwenye picha hiyo, na mpangilio wa sehemu hizo ndio tunaouita ramani ya ngozi. Aliyetengeneza modeli akitaka kubana nafasi, huchora ubavu mmoja tu kisha akaagiza ubavu wa pili usome sehemu ileile ya picha, ila umegeuzwa kama kwenye kioo. Kwa ndege ya kawaida ujanja huo haudhuru sana: mistari ya kushoto na ya kulia inafanana, na maandishi huwekwa kwenye kipande kidogo cha pembeni ili yasisomeke kinyumenyume. Kwa G-BOAD ujanja huo unaua kazi nzima. Ukimweka yule ndege wa dhahabu mkiani kushoto, anatokea na kulia. Ukiandika Singapore Airlines ubavuni, upande wa pili unapata herufi zinazoanza mwishoni.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kopo lolote la rangi, ichunguze ramani. Njia rahisi ninayoitumia ni kujaza picha nzima kwa miraba yenye namba, kila mraba na namba yake, kisha kuizunguka ndege ndani ya simuleta. Namba ileile ikitokea pande zote mbili, umejua kuna kioo. Angalia mwili, angalia mkia, na angalia usukani wa mkia peke yake, kwa sababu mara nyingi mwili una pande mbili halali ilhali mkia umebaki na upande mmoja. Usukani wa Concorde umegawanyika vipande viwili, cha juu na cha chini, na kwenye modeli nyingi kila kipande kina sehemu yake kwenye ramani, mbali na mkia wenyewe. Mchoro unaovuka kutoka mkiani hadi kwenye usukani utakatwa na kuhamishiwa huko, na vipande vikae sawasawa kwenye bawaba. Pima kwa kukanyaga pedali mpaka mwisho kushoto na kulia huku kamera ikiwa nyuma ya mkia. Mstari ukiruka hata pikseli mbili, jicho litaliona.

Ukikuta kioo una njia mbili. Modeli ikiwa ya leseni huria, kama zilivyo nyingi za simuleta ya bure ya FlightGear, unaifungua kwenye Blender, programu ya kuunda maumbo ya kompyuta, unachagua nyuso za upande wa kulia, unazipa eneo lake kwenye ramani na picha yake. Ni kazi ya jioni moja kwa mtu aliyeizoea programu ile. Modeli ikiwa ya kulipia, usiifungue. Tumia faili za kupakia rangi alizotoa mwenyewe, na kama hazina pande mbili, mwandikie umwombe au tafuta modeli nyingine. Kishawishi hapa ni kuweka rangi za Singapore pande zote mbili, na matokeo yake huwa yanapendeza kweli. Lakini Concorde ya namna hiyo haikuwahi kuruka.

Ukubwa wa picha nao una hesabu yake. Concorde ina urefu wa mita 61.66. Ukiulaza urefu wote kwenye picha yenye upana wa pikseli 4096, kila pikseli inabeba sentimita moja na nusu. Mstari mwembamba wa sentimita tano unakuwa pikseli tatu, na hapo kingo zake zitaonekana kama meno ya msumeno ndege ikikaribiwa. Mwili ukigawanywa vipande viwili vya urefu, kila pikseli inashuka hadi robo tatu ya sentimita, na mstari uleule unapata pikseli sita au saba za kuupa ukingo laini. Chora kwa vekta, yaani mistari isiyopoteza ukali ukiikuza, au chora kwa ukubwa mara mbili halafu punguza mwishoni. Mistari ndiyo roho ya rangi za miaka ya 1970, na mtazamaji huiangalia kuliko kitu kingine.

Sasa tarehe.

Ndege hii ilipofanya zile safari tatu za mwisho wa 1977 ilikuwa imeandikwa G-BOAD. Watu wengi huishia hapo. Ila Januari 1979, mwezi uleule safari za Singapore zilipofufuliwa, Concorde za British Airways ziliingia kwenye mkataba mwingine: shirika la Marekani la Braniff lilizichukua zikishafika uwanja wa Dulles wa Washington na kuziendesha hadi Dallas/Fort Worth, Texas, kwa marubani wake, chini ya kasi ya sauti kwa sababu zilipita juu ya nchi kavu. Sheria za Marekani zilidai ndege inayofanya safari ya ndani iwe na usajili wa Marekani. Ufumbuzi uliopatikana ni wa aina yake: ndege zikapewa usajili wa Uingereza uliotengenezwa ili ndani yake uwemo usajili wa Marekani. G-BOAD ikawa G-N94AD. Ikifika Dulles, ile G ya mwanzo ilifunikwa, ikabaki N94AD, ndege ya Marekani kisheria. Ikirudi kuvuka Atlantiki, G inafunuliwa. Katikati ya 1980, baada ya Braniff kujitoa, ikarudishiwa jina lake la G-BOAD.

Linganisha sasa tarehe hizo na zile za safari za Singapore. Sehemu kubwa ya kipindi ambacho abiria walipanda Concorde hii kwenda Singapore, kuanzia Januari 1979 hadi katikati ya 1980, ubavuni haikuandikwa G-BOAD. Iliandikwa G-N94AD. Kwa hiyo una ndege tatu tofauti za kuchagua. Ya kwanza ni ya Desemba 1977, yenye G-BOAD. Ya pili ni ya 1979 na nusu ya kwanza ya 1980, yenye G-N94AD, na kama unataka kuirusha Dulles hadi Dallas utengeneze toleo lake lenye G iliyofunikwa. Ya tatu ni ya miezi michache ya mwisho wa 1980, G-BOAD tena. Mimi nimechagua ya pili, kwa sababu ndiyo inayosimulia mengi zaidi: rangi za Singapore kushoto, rangi za Uingereza kulia, na usajili uliobuniwa kwa ajili ya Texas. Sijui ndege nyingine ya abiria iliyobeba siasa za anga za wakati wake wazi namna hiyo.

Tahadhari moja ya kiufundi. Baadhi ya simuleta huandika namba ya usajili zenyewe juu ya ngozi, kwa fonti yao na mahali pao. Zima kipengele hicho kwenye faili la mipangilio ya ndege, kisha andika namba kwa mkono sehemu ya nyuma ya mwili, kwa herufi ulizozifuata kwenye picha halisi. Ukiacha programu iandike, utapata namba mbili, au utapata herufi nyembamba za kisasa kwenye ndege ya 1979.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaowaza kuzipaka ndege za abiria aina ya Super VC10 za East African Airways watalikuta suala hilihili. Shirika lile lilikuwa mali ya nchi tatu, na ndege zake ziligawanywa kwa usajili: 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania, 5Y-ADA ya Kenya, 5X-UVA na 5X-UVJ za Uganda. Namba si pambo. 5X-UVA iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, kwa hiyo ukiirusha kwenye safari ya 1975 umefufua ndege iliyokwisha kuungua. Zile nne zilizobaki zilichukuliwa na jeshi la anga la Uingereza baada ya shirika kuvunjika 1977 na kugeuzwa za kubeba na kugawa mafuta angani, kwa hiyo huwezi kwenda popote ukaipiga picha moja ikiwa bado na rangi za East African Airways. Mpakaji wa G-BOAD ana bahati kidogo: chombo chenyewe kipo, kimewekwa New York kwenye makumbusho ya Intrepid kando ya mto Hudson, ila kiko katika rangi za British Airways za miaka ya mwisho. Kinakusaidia kwa mishono ya mabati, milango na umbo la pua, lakini kwa rangi za Singapore hakisemi neno.

Basi tunabaki na picha za zamani, na picha za zamani zina tabia zake. Filamu za slaidi za Kodachrome zilizotunzwa gizani hushika rangi vizuri. Aina nyingine nyingi za enzi ile hupauka, na picha za karatasi za miaka ya 1970 mara kwa mara huelekea wekundu wa zambarau. Buluu ya Singapore kwenye picha moja ni ya bahari kuu, kwenye nyingine ni karibu na nyeusi, kwenye ya tatu ina zambarau. Ukinyonya rangi moja kwa moja kutoka kwenye picha mojawapo kwa kile kidude cha kunyonyea rangi, umenyonya filamu, skana na hali ya hewa ya siku ile.

Hapa Concorde inakusaidia kuliko ndege nyingine zote, kwa sababu karibu mwili mzima ni mweupe. Huo weupe ni kipimo chako. Chagua sehemu ya mwili inayopigwa na jua moja kwa moja, juu ya madirisha, na usahihishe picha mpaka sehemu ile iwe nyeupe isiyoegemea rangi yoyote. Kisha ndipo usome buluu na njano. Usitumie tumbo la ndege wala chini ya mabawa kwa kazi hiyo: kivuli huakisi mbingu na lami, kikakupa weupe wenye ubuluu au ukijivu ambao si wa rangi yenyewe. Fanya hivyo kwa picha kadhaa za kushoto zilizopigwa siku tofauti, halafu angalia zinakutana wapi. Na angalia ni ubavu gani unaouona. Picha ya kulia, hata iwe nzuri kiasi gani, haithibitishi kwamba siku hiyo kushoto palikuwa na rangi za Singapore. Slaidi pia huweza kuskaniwa kinyume. Kwenye ndege hii utaligundua hilo mara moja, maana herufi zitageuka na mashirika yatahama pande.

Weupe huo haukuwa uamuzi wa wabunifu. Concorde ilipokwenda Mach 2, mara mbili ya kasi ya sauti, ncha ya pua ilifika nyuzi 127 za Selsiasi na mwili mzima ukarefuka kwa sentimita kati ya 15 na 25. Rangi nyeupe ya pekee ilitumika ili kurudisha joto nje. Ndiyo maana ndege nyingine za British Airways za miaka ile zilikuwa na tumbo la buluu ya giza na Concorde haikuwa nalo, na ndiyo maana rangi za Singapore zilibanwa kwenye mistari, maandishi na mkia. Mfano unaoonyesha uzito wa jambo hili ni wa Aprili 1996, Air France ilipoipaka Concorde F-BTSD buluu kwa ajili ya tangazo la Pepsi: mabawa yaliachwa meupe, na marubani waliambiwa wasikae kwenye Mach 2 zaidi ya dakika 20. Kwa mpakaji maana yake ni hii: ukiona kwenye mchoro wako eneo kubwa la rangi ya giza mwilini, rudi kwenye picha ukahakiki.

Kuna toleo la Concorde yenye rangi za Braniff, chungwa na zote, ambalo watu hulipenda sana. Lilikuwepo kwenye michoro ya matangazo tu. Hakuna Concorde iliyowahi kupakwa hivyo. Ni haki ya mtu kulitengeneza, ila aandike wazi kwenye maelezo ya faili kwamba ni la kubuni. Faili hizi huishi muda mrefu, hupitishwa mkono kwa mkono, na kesho kijana atazitumia kama ushahidi.

Tukirudi kwenye weupe ndani ya simuleta zenyewe. Simuleta za sasa huweka mwanga, kivuli na mng'ao kwa hesabu zake, kwa hiyo ngozi inapaswa kuwa rangi tupu isiyo na mwanga uliochorwa. Usipake kivuli chini ya mwili kama tulivyofanya zamani. Na usitumie nyeupe ya mwisho, 255 kwenye kipimo cha kompyuta cha 0 (nyeusi) hadi 255. Hakuna rangi halisi inayorudisha mwanga wote. 240 hivi inatosha, na itakuachia nafasi ya jua kung'aa juu ya bati bila kuua kingo za maandishi. Kwenye Microsoft Flight Simulator ukwaruzo (uso ulivyo laini au mkavu) na umetali (uso unavyong'aa kama chuma) viko kwenye picha ya pili, tofauti na ile ya rangi: ukwaruzo kwenye mkondo wa kijani na umetali kwenye wa buluu. Rangi ya Concorde si metali: mkondo wa buluu uache mweusi mwilini kote, na metali ibaki kwenye sehemu zisizopakwa rangi, kama mabomba ya injini kwa nyuma.

Sehemu pekee ambapo mashirika haya mawili yanagusana kweli ni ukingo wa mbele wa mkia. Juu ya mwili, nyeupe inakutana na nyeupe, na hakuna anayejua upande mmoja umeishia wapi. Kwenye mkia, buluu ya kushoto inakabiliana na rangi za bendera za kulia kwenye ukingo mwembamba, na modeli nyingi zimeunyoosha ukingo huo kwenye ramani mpaka pikseli moja inavutwa kama mpira. Peleka mpaka wa rangi katikati kabisa ya ukingo, kisha uangalie ndege ikiwa uso kwa uso nawe, kutoka juu kidogo ya pua. Kwa pembe hiyo mkia unatakiwa uonekane nusu kwa nusu. Kama rangi moja imemwagikia upande wa pili, sogeza pikseli mojamoja. Hakuna njia ya mkato.

Kuhusu uchafu, kuwa mchoyo. Ndege hii ilitunzwa kama yai. Masizi kidogo nyuma ya injini na michirizi ya mafuta chini ya mabawa vinatosha.

Ukimaliza, panga faili: kila picha mpya iorodheshwe kwenye layout.json, la sivyo simuleta haitaiona, na texture.cfg ielekeze kwenye folda ya asili kwa zile ambazo hukuzigusa. Jina la folda liwe na usajili na mwaka, G-N94AD_1979, ili anayelipakua ajue amepata ndege gani. Kwa kuirusha, anzia Bahrain. Mwisho wa safari usiwe Changi, maana uwanja ule ulifunguliwa Julai 1981, baada ya Concorde kuondoka. Shuka Paya Lebar, ambao leo ni kituo cha jeshi la anga la Singapore na bado upo kwenye ramani za simuleta, uegeshe ubavu wa kushoto ukielekea jengo la abiria.